Kujifunza sinema kwa mikono: kutoka Vugiri hadi Kipushi, na somo kwa vijana wa Musonoi

Musonoi ni mtaa uliozaliwa na mgodi. Union Minière ndiyo iliyojenga nyumba za wafanyakazi kando ya shimo, na baadaye Gécamines ikarithi shimo, nyumba na watu wake. Wakaaji wa Kolwezi wanajua pia kwamba mgodi uliozaa mtaa unaweza kuula. Familia inapohama inabeba kitanda, sufuria na mabati. Hadithi ya mtaa hubaki nyuma kama hakuna mtu aliyejifunza kuisimulia.

Leo vijana wengi wana simu inayopiga filamu. Lakini kupiga picha na kusimulia hadithi kwa picha ni kazi mbili tofauti. Historia inaonyesha kwamba kazi hii ya pili watu waliijifunza kwa kutengeneza filamu ndogo pamoja. Inaonyesha pia kwamba wenye kufanya kazi hawakuwa siku zote ndio wenye kuamua.

Vugiri, 1935

Moja ya majaribio ya zamani lilianza kwa sababu ya shaba. Miaka ya 1932 na 1933, Mmarekani J. Merle Davis aliongoza uchunguzi wa wamisionari juu ya maisha ya wafanyakazi wa migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ng'ambo ya mpaka wa Katanga. Hapo ndipo lilipotoka wazo la kuwafundisha Waafrika kwa filamu.

Kati ya 1935 na 1937, Waingereza L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu 35 huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, kwa pesa za Carnegie Corporation ya Marekani. Moja ilisimulia wafanyakazi wawili: mmoja anafukia pesa zake ardhini zinaibiwa, mwingine anaziweka katika benki ya posta. Maneno yaliwekwa kwenye sahani za santuri, ili filamu moja isikike kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine. Kisha lori liliizungusha kutoka nchi hadi nchi.

Waafrika waliigiza, na wengine walifundishwa kazi za ufundi. Lakini hadithi gani isimuliwe, na mwisho wake uwe upi, hayo yaliamuliwa na wazungu.

Congo na Paris, miaka ya 1950

Katika Congo ya Wabelgiji hali ilifanana. Huko Luluabourg, Kananga ya leo, padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili. Waigizaji walikuwa Wakongomani, muongozaji alikuwa padri. Ila Léopoldville, mwaka 1951, Albert Mongita aliongoza filamu fupi iitwayo La Leçon du cinéma, maana yake Somo la sinema. Mwaka 1953 Emmanuel Lubalu akafuata na Les Pneus gonflés. Mkongomani alikuwa ameshika uongozi wa kazi.

Mwaka 1955 Paulin Soumanou Vieyra na wenzake, wanafunzi wa Kiafrika huko Paris, walinyimwa ruhusa ya kupiga filamu Afrika. Hawakuacha kazi. Walisimulia maisha ya Waafrika wa Paris kwenyewe, katika filamu fupi Afrique-sur-Seine.

Kinshasa, Kipushi na Nairobi

Mfano ulio karibu zaidi na Musonoi ulitoka Kinshasa. Djo Munga, aliyesomea sinema Brussels, alianzisha mradi wa kufundisha vijana kwa kuwapa filamu za kutengeneza. Zilizaliwa filamu fupi nne zilizounganishwa kuwa moja, Congo in Four Acts, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Berlin mwaka 2010. Moja kati ya hizo nne, ya Kiripi Katembo, inatokea Kipushi: wazazi na watoto wanaponda mawe ili waishi, katika mji uliochafuliwa na mabaki ya mgodi. Mtu wa Lualaba haitaji kuelezwa.

Mwenzake katika mradi huo, Dieudo Hamadi wa Kisangani, aliendelea. Mwaka 2020 tamasha la Cannes lilichagua filamu yake En route pour le milliard, juu ya majeruhi wa vita vya siku sita vya Kisangani wanaoteremka mto hadi Kinshasa kudai malipo yao.

Hizo ni filamu za maisha halisi. Kwa hadithi za kubuni, Nairobi ilipita njia ileile. Soul Boy ya Hawa Essuman, ya mwaka 2010, ilitengenezwa Kibera na vijana waliojifunza kazi humo humo, chini ya usimamizi wa Mjerumani Tom Tykwer. Mradi huo uliendelea na kuzaa Nairobi Half Life mwaka 2012.

Mikono inajifunza nini

Chukua hadithi ya dakika tano: mama anafunga vyombo, mtoto anakataa kuondoka. Kundi likipiga picha ya mama asubuhi na ya mtoto saa tisa, vivuli vitasema ni siku mbili. Mtoto akitazama upande usiofaa, haonekani tena kama anaongea na mama yake. Upepo ukiingia kwenye kipaza sauti, jibu lake linapotea. Makosa hayo yanaonekana siku ya kuunganisha vipande, na aliyekaa hapo hayasahau. Ndiyo maana wanafunzi hubadilishana kazi: leo anaandika, kesho anashika kamera, kesho kutwa sauti.

Tena, kuna somo la kuamua. Mtoto akubali mwishoni, au abaki mlangoni? Huko Vugiri wenyeji hawakuulizwa swali hilo. Kundi la vijana watano wenye simu moja, kutoka Musonoi au kutoka mahali familia zilikohamia, linaweza kulijibu lenyewe. Lianze na filamu moja fupi, iliyokamilika, ionyeshwe kwa majirani. Wazee wanaokumbuka mtaa ulivyokuwa bado wapo, na wao ndio wa kwanza wa kuulizwa.