AFYA YA WATOTO WETU KATIKA INTERNA
Historia fupi ya dawa, ugonjwa na malezi katika inchi ya Kasongo



Siku za Jubilei watu huhesabu ubatizo, ndoa, makanisa yaliyojengwa na mapadri waliopita. Ni hesabu nzuri. Lakini sisi makatekista tumeona ni haki kuongeza hesabu nyingine, isiyoandikwa katika vitabu vya sakristia: namna watoto wetu walivyolindwa katika nyumba za kulala wanafunzi, tunazoziita interna. Mzazi wa Kabambare anayemtuma mwanawe kusoma Kasongo hatumi kichwa tu kijazwe maarifa. Anatuma na mwili pia, na homa itakapoushika usiku, mama hayupo. Basi, nani atatunza dawa? Nani atajua kipimo chake? Nani atakesha? Swali hilo ni la zamani, na inchi yetu imelijibu mara kwa hekima, mara kwa hasara.

I. Mganga aliyekufa Kasongo

Mwaka wa 1893 askari wa Dhanis walitwaa Kasongo, mji wa Tippu Tip. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1903, wataalamu wawili kutoka chuo cha Liverpool, Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, walifika Kongo kuchunguza ugonjwa wa malale, nao walipanda mto hata wakafika huku kwetu. Katika Kongo ya mashariki walikuta pia homa inayokwenda na kurudi. Wenyeji walisema tangu zamani kwamba homa hiyo huletwa na kimputu, mdudu anayejificha katika nyufa za sakafu ya udongo na kunyonya damu ya watu wakiwa usingizini. Wataalamu wakachunguza, wakahakikisha kwamba wenyeji walisema kweli. Lakini wote wawili walishikwa na homa hiyo. Todd alipona. Dutton alikufa hapa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30 tu, na kijidudu cha homa hiyo kinaitwa kwa jina lake hata leo.

Mambo haya yanaihusu interna moja kwa moja. Mahali watoto wengi wanapolala pamoja chini, juu ya mikeka, katika nyumba yenye nyufa, kimputu mmoja huweza kuwauma wengi. Kwa hiyo kitanda kilichoinuliwa, sakafu iliyosiribwa vizuri na ukuta uliozibwa si anasa ya shule tajiri. Dawa ya kwanza ya interna haikuwa kidonge, ilikuwa ufagio.

II. Shingo, sindano na kidonge

Dutton na Todd walituachia jambo jingine. Walifundisha kwamba malale yaweza kutambulika mapema kwa kupapasa tezi za shingo. Kazi hiyo ilihitaji mikono tu, na mtoto aliyeanza kusinzia darasani aliweza kuchunguzwa kabla ya kuitwa mvivu na kuchapwa. Tunawaomba walimu wasilisahau neno hili: mara nyingi ugonjwa wa mtoto huonekana kwanza katika masomo yake.

Lakini kujua ugonjwa si kuponya. Dawa ya kwanza iliyotumika sana, atoksili, ilikuwa na sumu ndani yake, na baadhi ya wagonjwa walipofuka. Baadaye zilikuja dawa bora, na tangu miaka ya 1940 Leta ya wakoloni iliwachoma watu wengi sindano ya Lomidine ili wasishikwe na malale. Karibu na uhuru wa 1960 ugonjwa ulikuwa umepungua sana. Kisha vikundi vya uchunguzi vilisimama, barabara zikafa, vita vikaja. Na mwaka wa 1998 Kongo ilihesabu wagonjwa wapya zaidi ya 26,000. Ugonjwa ulioonekana kama umekufa ulikuwa umelala tu.

Mwaka wa 2018 ilikubaliwa dawa ya kumeza, feksinidazole, iliyojaribiwa hasa katika Kongo yetu wenyewe. Inamezwa siku kumi, na inafaa hata kwa mtoto aliyetimiza miaka 6 na kilo 20. Lakini angalieni sharti lake: inamezwa baada ya kula, mbele ya macho ya mganga. Hata dawa mpya kabisa haikumwondoa mtu anayesimama karibu na mgonjwa.

III. Katekista aliyekuwa daktari

Wageni wetu Mapadri wataturuhusu kumtaja mzee mmoja wa ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Adrien Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto katika Afrika ya magharibi, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa uganga huko Malta kwa mpango wa Kardinali Lavigerie. Mwaka wa 1889 alifika Karema, na huko alitumika kama katekista na daktari hata kufa kwake mwaka wa 1956. Sisi makatekista tunaona fahari juu yake, kwani hakutenganisha mkono unaofundisha sala na mkono unaofunga kidonda. Katekista wa kijiji si daktari, wala asijifanye daktari. Lakini anaweza kujua nani anaumwa, tangu siku gani, na amemeza nini.

IV. Karatasi ya mtoto

Tangu mwaka wa 1971 jina la Kasongo lilijulikana tena kati ya waganga wa dunia. Waganga wa chuo cha Antwerp, Ubelgiji, pamoja na wenzao wa Zaire, walianza hapa mpango wa vituo vya afya karibu na watu, vikiungana na hospitali moja ya marejeo. Si kila homa ilipaswa kwenda hospitalini. Kila kituo kilitunza watu wake, na karatasi ya mgonjwa ilionyesha aliyotendewa. Walichunguza pia chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 hadi 35, na matokeo yalitolewa mwaka wa 1981 katika gazeti la Lancet. Waganga walibishana: mtoto aliyeponyoka surua ataishi kweli, au njaa na ugonjwa mwingine vitamchukua baadaye? Uchunguzi wa miaka iliyofuata uliwapa haki wale waliotetea chanjo. Lakini swali lenyewe lilikuwa la maana, kwani linatukumbusha kwamba sindano haishibishi tumbo. Zaire ilipogawanywa katika Zoni za Afya katika miaka ya 1980, majaribio ya Kasongo yalikuwa kati ya yale yaliyoonyesha njia.

V. Sanduku la mwanafunzi

Sisi tuliosoma seminari ndogo katika miaka ya 1990 tunajua yaliyotokea njia hiyo ilipofungwa. Dispensari zilibaki na makabati matupu, na kila mzazi alitia vidonge katika sanduku la mwanawe. Klorokini ilikuwa chungu na iliwasha mwili. Kwa hiyo homa ikishuka siku ya kwanza, mtoto aliacha kumeza, au aligawanya vidonge vilivyobaki na rafiki zake. Ulikuwa upendo, lakini upendo usio na kipimo, na homa ilirudi kwa wote wawili. Klorokini yenyewe ilikuwa ikishindwa na malaria, hata Leta ikaiacha mwaka wa 2001, na tangu 2005 tukapewa artesunate pamoja na amodiakini kwa siku tatu. Siku tatu hizo nazo zinadai mtu wa kuzihesabu.

Tunakumbuka pia, katika interna moja, kijana mwenye kifafa. Baba yake alimpa vidonge vya kila siku, naye alivificha kwa haya. Vilipokwisha, hakumwambia mtu. Akaanguka wakati wa sala ya jioni, na wenzake walikimbia wakiogopa mate yake. Wakubwa walimrudisha kwao, wala hakurudi shuleni tena. Ndugu, kifafa hakiambukizi kwa mate. Kinachoangusha mara nyingi ni dawa iliyokatwa ghafula. Kijana yule alihitaji kidonge kimoja kila siku na mtu mmoja mwenye kutunza siri. Alikosa vyote viwili, akapoteza masomo.

VI. Wajibu wetu

Kutokana na historia hii tunaomba mambo manne kwa kila interna ya parokia. Dawa zote ziwekwe katika kabati lenye ufunguo, si katika masanduku ya watoto. Kiwepo kitabu kinachoandika jina, dawa, kipimo, saa na mkono uliotoa. Mzazi aeleze bila haya ugonjwa wa mwanawe siku ya kumwandikisha, kama ni kifafa au ugonjwa wa SS, na wakubwa wasiutumie kumfukuza. Mwisho, mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku ileile, asingojee Jumapili wala baba afike na feza.

Katika Injili tunasoma kwamba Bwana Yezu, alipomwinua binti wa Yairo, aliwaagiza wazazi wampe chakula. Muujiza ulikuwa wake. Kumlisha mtoto aliwaachia wao. Ndivyo alivyotuachia sisi kabati, kitabu na kukesha. Tumshukuru Mungu kwa wote waliokesha kabla yetu, na watoto wa Jubilei ijayo watukute tukiwa macho.