Balozi Asijiuzulu Juu ya Skrinshoti

Mwaka jana nilipoteza kazi kwa ofisi moja pale Westlands juu ya skrinshoti. Nilikuwa nimemwandikia rafiki yangu inbox kwamba bosi ananunulia wageni lunch ya maelfu na sisi mshahara umechelewa wiki tatu. Jumatatu nikaitwa, simu ikawekwa mezani. "Haya ni maneno yako?" Nikasema ndiyo. Hakuna mtu aliuliza kama ni ukweli. Nikarudi Kangemi kwa miguu, Waiyaki Way yote, nikiwa na hasira ya kutosha.

Ndiyo maana hii stori ya balozi inanigusa.

Kwa wale walikuwa watoto kama mimi: mwisho wa Novemba 2010, WikiLeaks walianza kumwaga nyaraka za siri za mabalozi wa Marekani, zaidi ya 250,000 kutoka dunia nzima. Nyingi za Nairobi ziliandikwa enzi za Michael Ranneberger, balozi tangu 2006, ofisi ikiwa Gigiri. Zilichora viongozi wetu kama watu waliozama kwa ufisadi. Serikali ikawaka. Msemaji wake wakati huo, Alfred Mutua, akasema Johnnie Carson, mkubwa wa mambo ya Afrika kule Washington, amempigia Waziri Mkuu Raila Odinga kuomba radhi. Si kwamba ameona uwongo, ni radhi tu.

Juzi nilikuwa Luthuli Avenue kwa anko yangu anayetengeneza simu, tukabishana kuhusu hii. Yeye anasema balozi wa hivyo anafaa kubeba virago siku hiyo hiyo. "Mgeni hawezi kula kwako halafu aandikie watu wa kwao ati sufuria zako ni chafu."

"Lakini Anko, sufuria ni chafu ama si chafu?"

"Hiyo si shida ya mgeni."

Ana pointi, sitakataa. Kazi ya balozi ni kufunguliwa mlango, na ukifungwa anabaki kufanya nini? Carlos Pascual aliacha ubalozi wa Marekani kule Mexico Machi 2011 baada ya nyaraka zake kumkasirisha Rais Calderón. Kim Darroch wa Uingereza alijiuzulu Washington Julai 2019, barua zake zilipovuja zikisema serikali ya Trump haijiwezi, na Trump akasema hataongea naye tena. Lakini angalia hapo nani amechagua. Mtu aliyeandikwa vibaya ndiye ameamua nani asiandike tena. Balozi anayekuja nyuma yake ataandika sukari tupu, na mshahara wake ni ule ule.

Sasa niwapeleke Mombasa, kwa sababu hapo ndipo nilibadilisha vile nilikuwa nafikiria.

Septemba 2008, maharamia wa Kisomali waliteka meli inaitwa Faina. Ndani kulikuwa na vifaru 33 aina ya T-72. Serikali ikasema ni vya jeshi letu. Andrew Mwangura, jamaa wa Mombasa aliyekuwa akisaidia mabaharia, akasema hapana, mzigo unaenda Sudan Kusini, ambayo hata haikuwa imekuwa nchi. Oktoba akakamatwa, akashtakiwa kwa kutoa habari za kutia watu hofu. Akalala rumande.

Miaka miwili baadaye nyaraka zinavuja na zinasema nini? Vifaru vilikuwa vya Sudan Kusini. Maafisa wetu walikuwa wamewaambia Wamarekani. Na si mara ya kwanza mzigo kama huo kupita, na Washington ilijua mapema, mpaka serikali ya Obama ilipoanza kuwakemea Wakenya, hao wakashangaa: si tulikuwa tunajua sote?

Kwa hivyo mimi simlaumu Ranneberger kwa kuandika. Aandike, ndiyo kazi alitumwa. Na huyo hata hakuwa mnafiki sana: 2009 aliandikia vigogo 15 wa Kenya barua za kuwatishia visa, na akasema hadharani. Kinachonisumbua ni kwamba ukweli wa vifaru ulikuwa kwa faili Gigiri wakati sisi tunaambiwa kingine kwa taarifa ya habari, na mtu wa kwetu aliyeusema kwa mdomo wake alikuwa ameshalala seli.

Balozi anaweza kufanya mambo ya kumtoa kazini. Aliyemfuata, Scott Gration, aliondoka 2012 baada ya mwaka mmoja hivi, na wakaguzi wao wenyewe wakaandika kwamba alikuwa ameweka ofisi chooni, ndani ya ubalozi, ili atumie barua pepe yake binafsi. Chooni, wasee. Hiyo ni kuvunja sheria za nyumba yako, na ukiondoka ni sawa.

Ranneberger alikaa mpaka 2011, miaka yake ikiwa imetimia, akaenda. Hakuna waziri wetu hata mmoja aliyejiuzulu kwa sababu ya Faina. Nilimwambia Anko hivyo. Akaendelea kuchomelea waya, kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Huyo wa Mombasa, kuna mtu alimpigia simu kumwomba radhi?"