Mususa: Namna mzazi asiyejua Kifaransa anaweza kusaidia mtoto na kazi ya nyumbani

Katika komini ya Mususa, moja ya komini nne za mji wa Butembo, jua linazama karibu saa kumi na mbili ya jioni, mwaka mzima. Ikweta inapita karibu kabisa na mji, kwa hiyo hakuna miezi yenye jioni ndefu kama kule Ulaya. Na ni saa hiyo ya giza ndiyo nyumba nyingi zinamuuliza mtoto: "Mwalimu alikupa devuari?"

Kinachofuata kinajulikana. Torshi haina chaji, mama angali anapika bugali, baba ndiye anaingia kutoka kazini, mtoto anasinzia. Anaandika haraka juu ya magoti, ao analia, ao yaya yake anamuandikia majibu yote ili mambo yaishe. Kesho yake kayee iko safi, lakini mtoto hajui kitu.

Zamani mwalimu angeweza kugundua. Leo ni vigumu. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya bure katika shule za serikali, lakini ni tangu mwaka wa masomo 2019-2020 ndiyo jambo hilo lilianza kutekelezwa kweli. Watoto wengi waliingia, na hiyo ni mzuri, ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa mwendo uleule. Mwalimu mwenye klasi iliyojaa hawezi kupitia kila kayee kila siku. Basi nyumbani ndiko kunaweza kuonekana kwamba mtoto wa mwaka wa tatu hajui kuunganisha silabi. Asipoonekana mapema, ataonekana mwaka wa sita, siku ya mtihani wa taifa, na katika chumba kile yaya hayumo.

Wazazi wengi wanajibu: "Mie sikusoma, nitamusaidia nini?" Hapo ndipo kosa lilipo. Mzazi hapashwi kujua jibu. Anapashwa kuketi karibu na kumwambia mtoto: nielezee, kwa Kinande ao kwa Kiswahili, mwalimu alisema nini. Mtoto anayeweza kueleza kwa lugha ya nyumbani ameelewa. Anayerudilia tu maneno ya Kifaransa kama wimbo hajaelewa bado, hata kama anayasema bila kukosea. Kutumia lugha ya nyumbani si aibu wala si kumrudisha mtoto nyuma: sheria ya masomo ya Februari 2014 yenyewe inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia.

Kwa hesabu ni rahisi zaidi. Kila nyumba ina maharagi. Saba na tano zipangwe chini, mtoto ahesabu kwa mkono wake. Na mama anayeuza sokoni, hata kama hakuingia shule, anarudisha chenji kila siku bila kukosea. Amuulize mtoto: fungu tatu za nyanya, kila fungu franka 500, mteja ametoa 2000, tunamrudishia ngapi? Hiyo ni somo kamili, na mwalimu wake ni mama.

Muda usiwe mrefu. Mtafiti wa Marekani Harris Cooper, aliyekusanya tafiti nyingi juu ya kazi za nyumbani, anatetea kipimo cha dakika 10 kwa kila mwaka wa masomo: 10 kwa mwaka wa kwanza, 20 kwa wa pili, na kuendelea. Yeye huyo aliona kwamba kwa watoto wadogo kazi hizo haziongezi alama sana. Wanachopata zaidi ni mazoea. Huko Ufaransa, kazi za kuandika nyumbani zilikatazwa kwa shule za msingi tangu 1956, ingawa walimu wengi hawakuacha. Kwa hiyo mtoto wa mwaka wa pili anayekaa saa nzima akilia juu ya kayee, afungiwe ile kayee na mwalimu aambiwe. Fimbo haiongezi kitu hapo, inamfundisha tu kuchukia kayee.

Saa gani? Anayesoma asubuhi aanze kiisha kula na kupumzika kidogo, mbele ya kwenda kuchota maji, mwangaza ungali upo. Anayesoma mchana afanye asubuhi, kiisha kufagia. Kazi za nyumba hazikatazwi, ni mpangilio tu unabadilika. Mazoea yanashika vizuri yakifungwa kwenye jambo ambalo tayari linafanyika kila siku, kama chakula, kuliko kwenye saa ya ukutani.

Meza si lazima. Katika nyumba ambamo familia mbili ao tatu zinaishi pamoja, juu ya waliokimbia vita huko Beni na Lubero, kiti kidogo kinakuwa meza, mtoto anaketi kwenye mkeka karibu na mlango ili apate mwangaza. Watoto wote wa nyumba wafanye kwa wakati mmoja. Simu iwekwe mbali, na radio nayo izimwe dakika hizo; habari zitarudiliwa.

Makosa yasifutwe na mkubwa. Mwalimu anapashwa kuyaona. Mzazi atie sahihi chini ya ukurasa, hata kama sahihi yake ni alama ya msalaba tu, ili mtoto ajue kuna mtu aliangalia.

Zinabaki siku za ville morte, wakati shule zinafungwa na mwalimu hakutoa kitu. Hizo ndizo zinavunja mazoea kwa haraka. Saa ileile, mahali palepale, mtoto afungue ukurasa wa mwisho aliouandika na ausome kwa sauti, kiisha aende kucheza.