Kutoka Kompyuta Kurudi Kwenye Kaseti

Kaseti ilizinduliwa na Philips mwaka 1963, na miaka 40 baadaye bado ilibeba nyimbo za kwaya zetu nchini. Studio zilikwisha kuhamia kwenye kompyuta, lakini huku Ngaka, na Mbinga yote hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, msikilizaji alikuwa na redio kaseti na betri. Hivyo wimbo wa kidijitali ulirudishwa kwenye utepe: dakika 30 upande A, dakika 30 upande B, na beti zilizozidi zikakatwa! Nakala mama ya saa moja ilidai saa nzima. Pale kompyuta ilipoharibika, utepe ndio uliosalia. Tunawasihi msizitupe kaseti hizo: humo wamo waimbaji waliokwisha kututangulia.