Ujazaji wa kemikali za kimiminika

Ni kazi ya kuhamishia kemikali kwenye mapipa ya lita 200 au matangi ya plastiki ya lita 1,000 yenye kizimba cha chuma. Mkoani Singida nchini Tanzania, eneo la alizeti, mfano wa karibu wa matumizi ya kemikali hizo ni usafishaji wa mafuta, ambao hutumia kostiki soda kuondoa asidi huru.

Mtambo wa kujazia huchaguliwa kwa tabia ya kemikali kabla ya bei, ingawa wanunuzi wengi hupenda kuanza na bei. Kostiki hula alumini. Asidi ya hidrokloriki hutoboa hata chuma cha pua. Heksani, inayotoa mafuta yaliyobaki kwenye mashudu, huwaka kwa cheche ndogo, hivyo pampu na pipa huunganishwa na ardhi kwa waya, na mrija hushushwa hadi karibu na kitako.

Halafu kipimo. Lita ya mafuta ya alizeti ina takriban kilo 0.92; ya kostiki ya asilimia 50, kilo 1.53. Jua likichoma ujazo huongezeka, uzito haubadiliki: mizani ndiyo ya kuaminiwa, na nafasi ya kutanuka huachwa juu.

Mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Kemikali zinasimamiwa kwa sheria ya 2003 chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.