Selimundu: Kinga Iliyogeuka Deni



Mwaka 1949 Anthony Allison, daktari mtarajiwa aliyekulia Kenya, alipima damu za makabila mbalimbali nchini humo. Akakuta kinasaba cha selimundu kimeenea Pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini nyanda za juu ni nadra. Mwaka 1954 akatoa sababu: mwenye kinasaba kimoja hukingwa na malaria kali, mwenye viwili huugua.

Wengi wetu ughaibuni malaria tumeiacha nyuma, kinasaba tumekibeba. Wazazi wote wawili wakiwa nacho, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 kuzaa mgonjwa. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba, lakini ni ghali mno. Kipimo cha damu ni rahisi. Tupime kabla ya harusi.