Rehema (jina)

Rehema ni jina la kike linalotumika katika nchi za Afrika ya Mashariki, hasa Tanzania na Kenya. Maana yake ni huruma, hasa ile ambayo Mungu humwonyesha mwanadamu. Hupewa watoto wa Waislamu na wa Wakristo vilevile. Kwa hiyo jina hilo peke yake haliwezi kuonyesha dini ya mwenye nalo.

Asili na maana

Jina limetokana na neno la Kiarabu "rahma". Kiswahili hupendelea silabi zinazoishia kwa irabu, ndiyo maana irabu imeingizwa kati ya "h" na "m", na neno likawa na silabi tatu: re-he-ma. Mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo katika maneno mengi ya Kiswahili.

Mzizi wa neno ni konsonanti tatu r-h-m. Katika Kiarabu mzizi huohuo umezaa neno "rahim", yaani tumbo la uzazi. Kiebrania nacho kina maneno ya namna hiyo: "rehem" ni tumbo la uzazi, na "rahamim" ni huruma. Kwa hiyo maana ya msingi inakaribia upole wa mama kwa mtoto aliyemzaa.

Maneno mengine ya Kiswahili yenye mzizi huo ni kitenzi "kurehemu" na nomino "marehemu". Hilo la pili humaanisha "aliyerehemiwa", nalo hutajwa mbele ya jina la mtu aliyefariki. Majina ya kiume Rahimu na Abdulrahmani yana asili hiyohiyo. Jina Ramadhani halimo katika kundi hili, kwa kuwa mzizi wake ni mwingine.

Katika dini

Katika Uislamu, Mwenyezi Mungu huitwa Rahmani na Rahimu. Sifa hizo mbili zimo katika Bismillahi inayotangulia sura 113 kati ya 114 za Kurani. Sura ya 55 inaitwa Ar-Rahman.

Wakristo hulikuta neno rehema mara nyingi katika Biblia ya Kiswahili, kwa mfano katika Zaburi na katika heri za Mlimani (Mathayo 5:7). Hutofautishwa na neema: neema ni kipawa kinachotolewa bila kustahili, na rehema ni kumwonea huruma mwenye shida au kumwachilia mwenye kosa. Neema nalo ni jina la kike lililoenea sana, na pia lina asili ya Kiarabu. Si ajabu kukuta ndugu wawili wa tumbo moja wakiitwa Neema na Rehema.

Matumizi mkoani Singida

Mkoa wa Singida, uliokuwa na wakazi 2,008,058 katika sensa ya mwaka 2022, ni mfano mzuri wa jinsi jina hili linavyovuka mipaka ya dini na kabila. Wenyeji wake ni pamoja na Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo, ambao wana lugha zao za Kibantu. Kiswahili kiliingia huko kwa misafara ya biashara kutoka pwani, kisha kwa utawala wa Wajerumani waliokuwa na boma Kilimatinde, na baadaye kwa shule. Waislamu, Walutheri na Wakatoliki wa mkoa huo wote hulitumia neno rehema katika ibada zao.

Familia nyingi humpa mtoto jina la kikabila, mara nyingi la bibi au babu, pamoja na jina la dini au la Kiswahili. Rehema hufaa nafasi hiyo ya pili. Hupendwa hasa kwa mtoto aliyezaliwa baada ya wazazi kusubiri muda mrefu, baada ya uzazi mgumu, au baada ya kufiwa na mtoto aliyemtangulia. Akiwa kifungua mimba, mama yake huitwa Mama Rehema na majirani, na pengine jina lake mwenyewe husahauliwa mtaani.

Tahajia

Tahajia ya kawaida ni Rehema, lakini huandikwa pia Rahema, Rehma au Rahma. Tofauti ya herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho cha taifa inaweza kumchelewesha mtu anapoomba nafasi ya chuo, ajira, mafao au mirathi. Hapo hulazimika kuapa mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yote ni yake, au kurekebisha kumbukumbu zenyewe. Kwa sababu hiyo inafaa mzazi asome tahajia ya jina mara tu mtoto anapoandikishwa, na aisome tena anapoanza shule na kabla ya usajili wa mitihani ya taifa.

Watu wenye jina hili

Rehema Nchimbi, mkuu wa Mkoa wa Singida hadi mwaka 2021.

Rehema Chalamila, mwanamuziki wa Tanzania anayejulikana zaidi kama Ray C.

Rehema Ellis, mwandishi wa habari wa televisheni nchini Marekani.